Unywele Chini ya Chipu

Asubuhi ile haikuwa na kasoro. Zuleika, binamu yangu wa Makindye, kila akisimulia huanzia hapo, na hukasirika ukimharakisha, kwa sababu anataka ujue kwamba jua lilikuwa jua la kawaida, nepi zilikuwa kambani, jirani alikuwa akimtukana kuku wake aliyetaga kwenye beseni la watu, na mtoto alikuwa amenyonya akalala mkekani, mdomo wazi, kama mzee aliyeshiba pilau ya harusi.

Mtoto hakuwa na jina bado. Yaani jina lilikuwepo, ila lilikuwa la watu wawili tu. Kwao Nasif, mumewe, ni Wanubi wa zamani, na mama yake alikuwa ameweka sharti ambalo halikujadiliwa: mtoto hatajwi jina lake mpaka siku ya simaya, ile shughuli ya kumtoa na kumpa jina, mama akishamaliza arobaini yake ndani ya nyumba. Kabla ya hapo anaitwa Mgeni. Ukimuuliza huyo mama mkwe kwa nini, anakwambia kitu kichanga hakitangazwi, basi, halafu anabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo Zuleika na Nasif walikuwa wamechagua jina wakiwa kitandani, mdomo kwenye sikio. Shakirah. Na tangu hapo hakuna aliyelitamka tena, hata kwa kunong'ona.

Mama mkwe huyo jina lake hasa ni Halimah, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Haboba, yaani bibi, Haboba wa wanawe, wa wajukuu, wa mtaa mzima, hata wa muuza mkaa. Siku hizo alikuwa ameenda Bombo kwa mwanawe mkubwa, Asuman, nyumba imebaki ya watu watatu peke yao, na labda angekuwepo mambo yasingefika yalipofika. Labda.

Sasa kazi ya Nasif. Nasif anafufua kompyuta za kizamani, zile za nyumbani ambazo kibodi yenyewe ndiyo kompyuta, unaichomeka kwenye televisheni, halafu juu yake unapachika kaseti ya gemu, kidude cha plastiki kama sanduku la viberiti lililonenepa. Ndani ya kaseti kuna bodi ndogo ya kijani yenye meno ya rangi ya dhahabu. Zile gemu zilizokufa, ambazo hakuna anayezitaka, yeye huzifungua, anang'oa chipu ya zamani, anakata njia moja ya shaba kwa wembe, anaunganisha nyingine kwa waya, halafu anaweka chipu mpya yenye gemu aliyoitunga mwenyewe, ya boda boda inayokwepa mashimo ya barabara mvua ikinyesha. Wapo watu wa mbali wanaopenda vitu vya kale, wananunua. Meza yake iko sebuleni, karibu na televisheni, na Zuleika alikuwa ameshazoea kunyonyesha kwenye harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka.

Mwenye kumletea hizo kaseti ni Kakule, Mkongo anayezunguka nyumba kwa nyumba akikusanya vyombo vya umeme vilivyochoka. Asubuhi ile akaja na mfuko begani.

"Hodi kwa wenye mali!"

"Mali gani, Kakule, ingia," Nasif akamjibu bila kuinua kichwa.

"Mama Mgeni, uliamukaje? Ona huyu mutoto, analala kama mubunge kwa kikao!"

Zuleika akacheka. Nasif akauchungulia mfuko. "Umeniletea takataka tena?"

"Bosi, takataka ndiyo inanivalisha, usiitukane." Kakule akamwaga kaseti mezani, moja baada ya nyingine, akaeleza kwamba zimetoka Bugolobi, kwenye fleti iliyokuwa inahamwa, mwenye nyumba akasema kila kitu kibebwe. Kisha akatoa moja ya mwisho, nyeusi, haina karatasi ya jina, skrubu zake zimekwanguliwa. Hiyo hakuimwaga. Aliiweka.

"Hii haikukuwa na zingine," akasema. "Ilikuwa jikoni. Ndani ya sufuria, mufuniko juu, wamezungusha gundi ya karatasi. Jiko haina kitu kingine. Hata kijiko."

"Watoto hao," Nasif akasema.

"Labda," Kakule akasema. Lakini alijifuta mkono kwenye suruali.

Kakule alipoondoka Nasif akaifungua hiyo nyeusi kwanza, kama mtu anayeanza na nyama. Akapiga mluzi. Kuna mtu alikuwa ameshaichezea bodi ile kabla yake, tena fundi hasa, amekata na kuunganisha kwa mkono uliotulia, akaenda njia ambazo Nasif alizifuata kwa ncha ya kalamu akashindwa kujua zinaelekea wapi. Halafu akaona kitu kimezungushwa kwenye mguu mmoja wa chipu. Alidhani ni waya. Akakivuta kwa kibano. Kilikuwa unywele, mweusi, mwembamba, laini, umeviringwa mara nyingi nyingi. Akaupuliza.

Zuleika aliuona ukielea kwenye mwanga wa dirisha, polepole, ukapita juu ya meza, ukashuka mkekani. Akamsogeza mtoto. Alipoutafuta autupe, hakuuona.

Fundi ana tabia zake. Nasif kabla ya kubomoa bodi lazima kwanza aipachike aone kama bado inapumua, na kama gemu ni ya zile zinazotunza jina la mchezaji, anaandika jina, anazima, anakunywa chai, anawasha tena aone kama jina limebaki. Likibaki, ile betri ndogo ya ndani ni nzima. Siku zote aliandika jina lake mwenyewe. Siku ile akaipachika ile nyeusi, akawasha, na kwenye televisheni kikatokea chumba kilichochorwa kwa mistari myeupe. Ukuta, mlango, sakafu. Katikati ya sakafu, mtu ameketi chini, amewapa mgongo. Chini yake mstari mtupu na alama inayowakawaka, inasubiri jina.

Nasif akamtazama mtoto aliyelala. Akatabasamu lile tabasamu la baba mpya, la kijinga. Akaanza kubonyeza.

S. H. A.

"Nasif!" Zuleika akanong'ona. "Mbona hilo? Haboba akijua?"

"Ni mashine tu, Zule. Haina masikio."

Akamaliza herufi zote. Akazima. Wakanywa chai. Akawasha. Jina lilikuwepo, SHAKIRAH, jeupe, limenyooka.

"Betri bado inadai," akasema, akaifungua tena kaseti ili aisafishe hiyo betri. Akaiinua bodi kwenye mwanga. Akaigeuza.

Hapakuwa na betri. Kulikuwa na mahali pake tu, patupu, pameota kutu ya kijani.

"Sasa jina limekaa wapi?" akauliza, na alikuwa anacheka.

Nasif si mtu wa kuacha fumbo. Akang'oa chipu ya zamani, akaiweka kwenye kisahani, akapachika yake yenye boda boda. Akawasha akitegemea kusikia mlio wa pikipiki. Kikaja chumba kilekile. Chipu ya chumba hicho iko kwenye kisahani, hapa, mbele ya macho yao, miguu yake imekatika, na chumba kipo kwenye televisheni. Jina lipo. Na yule mtu aliyeketi hakuwa amewapa mgongo wote tena. Alikuwa amegeuka kidogo. Bega moja lilionekana, na chini ya bega, mkono, na mkono ulikuwa umekunjwa kama unapakata kitu.

Nasif akachomoa waya. Akasema atapumzika, macho yamechoka.

Mchana ule mtoto hakulia. Zuleika alifurahi, banange, nani asiyefurahi mtoto asipolia, akafua, akapika, akakumbuka kwamba muda wa kunyonya umepita sana. Akaenda kumtazama. Mgeni alikuwa macho. Uso mwekundu, ngumi zimekazwa, mdomo wazi mpaka koo linaonekana, machozi yanatiririka hadi kwenye masikio. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote.

Hakuna sauti.

Akamnyanyua, akampigapiga mgongo, akampuliza puani. Hakuna. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka, hiyo aliisikia, kama hewa inayopita chini ya mlango. Akakimbia naye zahanati, arobaini haijaisha, kichwa wazi, na muuguzi akampima, akamulika koo, akasema kifua kisafi, koo safi, mtoto mzima, mama nyabo, labda sauti imemkauka kwa kulia, mnyonyeshe. Akarudi. Lakini alipomwekea mtoto titi mdomoni maziwa hayakutoka. Yalikuwepo, kifua kilikuwa kizito kama mawe, ila hayakutoka.

Nasif alikuwa amerudi mezani. Hakuweza kujizuia. Alikuwa amechomeka tena ule waya.

Na televisheni ikalia.

Haikuwa sauti ya mtoto hasa, ilikuwa ile milio ya kompyuta za zamani, mikavu, ya vipande vipande. Ila Zuleika alikuwa mama. Kile kilio kilikuwa na pale kinapopanda, pale kinapokwama, na kale kakwikwi ka mwisho, na alikijua kama anavyozijua hatua za mumewe koridoni. Kabla hajafikiri lolote, kifua chake kikajibu. Maziwa yakamwagika, yakalowesha gauni mpaka tumboni. Mtoto wake mwenyewe yuko mapajani mwake, amefungua mdomo, kimya. Na maziwa yanaijibu televisheni.

"Zima," akasema. "Nasif, zima."

Nasif akazima. Maziwa yakakata.

Hapo ndipo hofu ilipompata Nasif pia. Akaisaga ile kaseti chini ya kisigino, ikagoma kuvunjika. Akasema ataitupa mbali, Zuleika akapiga kelele asiitupe. Sauti ya mtoto imo humo, unatupaje? Kila baada ya muda wakalazimika kuiwasha, kidogo tu, ili maziwa yatoke, mtoto anyonye. Fikiria hilo. Kumlisha mwanao kwa kufungulia kile kinachomla. Na kila walipowasha, yule mtu alikuwa amegeuka zaidi, na kile alichokipakata kilikuwa na kichwa.

Kakule akapita na mfuko mwingine. Akasimama mlangoni.

"Mama Mgeni, kumbe mutoto mumeshamupa jina? Nimesikia kutoka barabarani. Muna mugeni? Kuna mama anaita, anaita, Shakirah, Shakirah. Ni jina muzuri."

Zuleika alikuwa peke yake ndani na mtoto. Televisheni ilikuwa imezimwa. Hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi.

Haboba akarudi kutoka Bombo siku ya mvua, ile mvua ya mchana inayougeuza mchana kuwa magharibi. Nasif alikuwa ameenda mjini kwa fundi mwenzake kuulizia bodi hiyo. Haboba akavua viatu, akanawa, akaomba mjukuu, kama kawaida yake akamnusa kichwani. Akasimama. Akazigawanya nywele kwa kidole.

"Nani amemkata?"

Nyuma ya sikio palikuwa na kiduara, kipara safi, kidogo kama kifungo cha shati. Hakuna jeraha. Zuleika alikuwa amemwogesha mtoto huyo asubuhi na hakukiona. Akaenda mezani, akaifungua kaseti, akachungulia chini ya chipu aliyoiweka mumewe mwenyewe. Unywele ulikuwepo. Mweusi, laini, umeviringwa mguuni. Mpya.

Haboba hakupiga kelele. Aliketi.

"Mmemtaja."

"Hatujamtaja, Haboba. Nasif aliandika. Kwenye mashine."

"Kuandika ni kufanya nini, biniya, binti yangu? Si ni kutaja na kuacha hapo?" Akapangusa uso. "Washa nione."

Zuleika akawasha. Kilio kikatoka. Haboba akamtazama mtoto aliyefungua mdomo, akaitazama televisheni, akamtazama mtoto, na mkono wake ukapanda polepole ukaziba midomo yake mwenyewe. Kwenye chumba cha mistari myeupe yule mtu alikuwa karibu ameelekea kwao kabisa. Bado kidogo tu uso uonekane.

"Futa hilo jina."

"Halifutiki. Nimejaribu. Nimeandika herufi ovyo ovyo, nimeandika jina la mji, hata la kuku wa jirani. Nikizima nikiwasha, limerudi lake."

"Hayo hayana mtu wa kuitika," Haboba akasema. Akawaza. "Kinataka anayeitika."

Zuleika anasema hapo ndipo alipojijua. Kwa sababu kidole chake kilienda chenyewe kwenye kibodi, kwenye herufi ya K. Kakule ndiye aliyekileta. Kakule hana mtoto mchanga. Akabonyeza K. Akabonyeza A. Haboba akamshika kifundo cha mkono.

"Huyo naye kuna aliyemzaa."

"Basi nitaandika langu!"

"Na huyu atanyonya kwa nani?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Haboba akavuta kiti, akasogeza uso karibu na kibodi, akanyoosha kidole kimoja kilichopinda kwa baridi yabisi. Hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Alizifuta zile K na A, akaanza kutafuta herufi kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

"H iko wapi?"

"Haboba, usifanye."

"Nimeiona."

H. A. L. Aliandika polepole. Alipobonyeza herufi ya mwisho kilio cha televisheni kikakatika katikati, na mapajani mwa Zuleika, Mgeni akavuta pumzi, akalia. Sauti! Sauti nene, mbichi, ya hasira, mpaka jirani akauliza dirishani kama kuna mtu anamfinya mtoto. Zuleika akacheka na kulia pamoja. Maziwa yakamwagika, safari hii mahali pake.

Haboba akazima mwenyewe. "Usimwambie Nasif nimeandika nini. Atajila moyo bure. Mwambie tumefuta, basi. Na jina lile msilitumie tena, mtafutieni jingine. Na hiki kidude msikivunje. Mimi bado nimo."

Zuleika akaapa. Akaifungia kaseti kwenye bati la biskuti, akalipandisha juu ya kabati la nguo chumbani. Nasif aliporudi akakuta mtoto analia, akapiga magoti, akalibusu tumbo lake. "Mmefanyaje?" Tumefuta. Hakuuliza zaidi, alikuwa anaogopa kuuliza. Usiku wakachagua jina jipya, Rukia, na safari hii hata sikioni hawakulisema, Nasif aliliandika kwa kidole kwenye kiganja cha mkewe.

Haboba akaanza kukauka sauti. Mwanzo ilikuwa mikwaruzo, watu wakasema mafua, wakamchemshia tangawizi. Ikawa mnong'ono. Kisha ikawa midomo tu. Akiomba maji ananyoosha kikombe. Nasif akanunua dawa ya kikohozi, jirani akaleta asali, naye alikunywa vyote kwa adabu. Ila Zuleika, akikunja nguo chumbani peke yake, alikuwa anasikia kutoka juu ya kabati, kwa mbali, kwa milio mikavu, mtu anaita. Biniya. Biniya.

Siku ya simaya ikafika. Asuman akaja kutoka Bombo na shehe na ndugu wengi, uani wakatandika mikeka, mchele ukachemka kwenye masufuria makubwa, nyumba ikanuka udi na hina. Kwao ni hivi: wanaume wako nje na mtoto, kaka mkubwa wa baba ndiye anayetangaza jina, wanawake wako ndani na mama. Nasif alikuwa ameshampa kaka yake jina Rukia, sikioni. Zuleika aliketi ndani, mikono yote ina hina mbichi, wifi zake wanamtania kwamba amenenepa kama mke wa waziri. Haboba alikuwa ubavuni mwake, kimya, shuka jeupe begani. Alikuwa amemnyoa mtoto mwenyewe asubuhi, kichwa chote, kiduara kile kikapotelea kwenye kipara kizima. Zuleika alikuwa na furaha. Anasema hilo linamuuma kuliko yote, kwamba alikuwa na furaha.

Nje Asuman akakohoa kusafisha koo.

"Ndugu zangu, mdogo wangu alinipa jina la mtoto huyu, jina zuri, atanisamehe. Lakini nimefika hapa nimemkuta mama yetu hawezi hata kunijibu salamu. Mama aliyetubeba sisi sote. Nikasema, ya nini kungoja mtu afe ndipo aheshimiwe?"

Haboba akageuza kichwa.

"Haboba wetu ana jina, mmelisahau. Basi leo linarudi."

Mkono wa Haboba ukamshika Zuleika juu ya hina. Ukakaza. Akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikasimama, macho yakatoka, alikuwa anapiga ukelele, kila mtu angeweza kuona ni ukelele, na hakuna kilichotoka ila hewa. Wifi mmoja akasema, "Jamani, bambi, maskini, analia kwa furaha."

"Siyo hilo!" Zuleika akaruka. "Asuman! Siyo hilo!"

"Huyu ni Halimah, binti Nasif!"

Vigelegele vikamfunika.

Alitoka bila viatu, akawapita wanaume, hina ikachafua mlango, ikachafua kanzu ya shehe. Asuman alikuwa amemwinua mtoto juu watu wamwone. Watu walikuwa wanacheka. Mtoto alikuwa amefungua mdomo. Uso mwekundu. Ngumi zimekazwa.

Hakuna sauti.

Na chumbani, juu ya kabati, ndani ya bati, bila televisheni, bila waya, kilio kikaanza. Gauni la Zuleika likalowa.

"Mama ana haraka ya kunyonyesha," mtu mmoja akatania. Hawakusikia. Wote wale, hawakusikia. Nasif peke yake ndiye aliyebadilika rangi.

Zuleika akageuka. Haboba hakuwa tena pale alipomwacha. Alimwona mgongo tu, shuka jeupe, anaingia chumbani. Hakukimbia. Alifunga mlango nyuma yake taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Komeo likaingia. Nasif akaja mbio, akapiga bega kwenye mlango. "Mama! Mama, fungua!" Ndani kitu cha bati kikagongana na sakafu.

Uani, mtoto akalia.

Akalia kwa sauti yake, nene, mbichi. Watu wakashangilia. Mlango ukafunguka kwa teke la pili.

Haboba alikuwa ameketi sakafuni katikati ya chumba, amewapa mgongo, kichwa kimeinama. Amelipakata lile bati kama mtoto. Nasif akamwita, akamgusa bega. Alikuwa wa baridi tayari, baridi ya mtu aliyeketi hapo tangu jana.

Walimzika, wakamaliza matanga, ndugu wakarudi Bombo. Asuman mpaka leo anajisifu kwamba aliwahi kumheshimu mama yake akiwa hai, na hakuna aliyepata moyo wa kumwambia. Siku moja Nasif akalifungua bati, mchana, mlango wazi, Zuleika amesimama nyuma yake. Bodi ilikuwa haina chumba tena. Aliipachika, akawasha, ikaja boda boda yake, inaruka mashimo, inapiga honi, kama kaseti yoyote. Akazima. Akachungulia chini ya chipu kwa kioo cha kukuzia. Akampa Zuleika kioo.

Kulikuwa na unywele mweupe, mrefu, wa mzee. Na uliosokotwa nao, mara nyingi nyingi, ulikuwepo mwingine. Mweusi. Laini.

Nasif aliichoma bodi ile kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa donge, akalizika donge mahali ambapo hajamwambia mtu. Sasa anatengeneza simu.

Mtoto ni mzima, anakula, anapiga kelele siku nzima, nywele zimeota nzuri, nyingi, ila nyuma ya sikio kale kaduara hakajaota kitu. Mama yake hamwiti kwa jina alilopewa. Anamwita Mgeni, na watu wanamcheka, mtoto ana meno sasa, mgeni wa nini?

Ila watu wengine wanamwita. Mashangazi, majirani. Halimah! Halimah, njoo! Na mtoto huitika kila mara, hugeuza kichwa mara moja, kwa furaha, akanyoosha mikono abebwe. Hamgeukii aliyemwita. Anageukia chumbani, juu ya kabati la nguo, pale ambapo hakuna kitu tena.